Uzi: Kuipa tochi ya zamani ya aina ya 6P moyo mpya wa LED (tuanze na joto, lumeni baadaye)

Mwenge_Mkuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila anapotokea mtu kuuliza namna ya kutoa balbu kwenye tochi yake ya zamani na kuweka LED, majibu yanakimbilia lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Weka hii inatoa elfu moja, mara weka ile inatoa elfu mbili. Halafu moduli inaungua, tochi inatupwa droo, na bodi nzuri ya alumini ambayo ingedumu miaka mingi mingine inabaki kuwa uzito wa karatasi. Hilo linaniuma, kwa hiyo nafungua uzi huu tuijadili kazi yenyewe kuanzia pale inapoanzia.

Nachukua mfano wa SureFire 6P, maana tochi nyingi za askari na walinzi zilifuata umbo lake. Ni ya miaka ya 1980. Inatumia betri mbili za CR123A, na ndani ya kichwa kuna kipande kimoja kinachotoka kizima: balbu, rifrekta (kikombe kinachorudisha mwanga mbele) na springi vimeshikana. Kipande hicho kinaitwa P60, na kinatoa lumeni 65 kwa takriban saa moja. Palikuwa pia na P61 iliyotoa lumeni 120, ila betri zilikauka ndani ya dakika 20. Kwa macho ya leo namba hizo ni ndogo. Lakini alumini nene, uzi wa kufungia uliochongwa kwa makini, na swichi ya mkiani inayowaka pale tu unapobonyeza, hivyo vyote bado viko kwenye daraja la juu. Na kwa kuwa watengenezaji wengi waliuiga ukubwa wa P60, moduli za LED zinazoingia humo humo zipo za kila namna.

Sasa jambo ambalo nataka tulikamate kabla ya yote. Balbu na LED hazitupi joto upande mmoja.

Balbu hutupa joto lake mbele, pamoja na mwanga, kama miale ya infraredi. Weka kiganja karibu na kioo cha 6P yenye balbu utalisikia mara moja. Ndiyo maana P60 haikuhitaji kugusana na bodi. Imekaa juu ya springi zake, na kandokando yake ni hewa tupu. LED iko kinyume kabisa. Mwanga wake mbele ni wa baridi, ila zaidi ya nusu ya umeme unaoingia unageuka joto palepale kwenye chipu, na joto hilo linatokea nyuma, kupitia chuma ambacho LED imekalia. Ukiichomeka kwenye nafasi iliyobuniwa kwa ajili ya balbu bila kubadili chochote, umeifungia ndani ya chupa ya chai.

Tupige hesabu kidogo. Hewa inapitisha joto vibaya sana, kama 0.026 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, wakati alumini ya bodi iko kwenye 170 au zaidi. Uwazi wa nusu milimita kuizunguka moduli yenye urefu wa milimita 20 unakula takriban digrii 11 kwa kila wati ya joto. LED inayozalisha joto la wati 2 itakuwa na digrii zaidi ya 20 juu ya bodi kwa sababu ya uwazi huo tu. Ikizalisha wati 6, tunazungumzia digrii karibu 70, na bado hujaongeza joto la bodi yenyewe. Chipu ikipata moto kiasi hicho mwanga unapungua, na ikiendelea hivyo umri wake unakatika.

Dawa yake ni ya mikono tu. Viringisha moduli kwa ukanda mwembamba wa shaba nyekundu, au foili ya alumini iliyokunjwa tabaka kadhaa, hadi iingie kwenye kichwa kwa kubana. Si kwa kugusagusa. Iwe ngumu kiasi kwamba unaisukuma kwa kidole gumba. Hakikisha foili haisogei nyuma hadi kuigusa springi ndogo ya katikati. Springi kubwa ya nje ni hasi na bodi nzima ni hasi, kwa hiyo foili kugusa huko hakuna neno. Ile ndogo ya katikati ni chanya, na ikiguswa hapo umepiga shoti betri ya lithiamu mkononi mwako.

Baada ya joto, mpangilio wangu ni betri kwanza, kisha draiva (saketi inayodhibiti umeme unaoingia kwenye LED), kisha LED. Wengi wanaanza na LED kwa sababu ndiyo yenye jina tamu. Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Kijiti

Mkuu haya ni madini. Swali langu: nina tochi ya umbo hilohilo, nimeweka moduli iliyoandikwa lumeni 1000. Inawaka kwa nguvu, baada ya dakika chache mwanga unashuka, nikiizima ikapoa inarudi kama mwanzo. Cha ajabu bodi haipati moto kabisa, nikajua joto siyo shida. Natumia betri mbili za kuchaji za 16340.

Mwenge_Mkuu

Kijiti, hapo kwenye "bodi haipati moto" ndipo jibu lilipo. Bodi kubaki baridi wakati mwanga unafifia ni dalili mbaya. Joto lipo, limekwama ndani. Tochi iliyofungwa sawasawa kichwa chake huanza kuwa vuguvugu ndani ya dakika moja hivi, na joto linatambaa kuelekea mkononi. Ukisikia hivyo furahi, maana linatoka kule lisikotakiwa kukaa.

Halafu tuiangalie hiyo lumeni 1000. Ili kuipata, LED na draiva vinaweza kuwa vinakula wati 10 au zaidi kutoka kwenye betri. Tuseme joto lote kwa jumla ni wati 10 wakati mwingine, kutegemea draiva. Bodi ya alumini ya gramu mia hivi inapanda digrii moja kila baada ya sekunde 9 kwa joto hilo. Kutoka digrii 25 hadi 50 ni chini ya dakika nne, na chuma cha digrii 50 hakishikiki kwa raha. Tochi ndogo kama hii ikiwa imesimama mezani inamwaga hewani wati mbili tatu tu bila kuwa ya moto kupita kiasi. Mkononi inamwaga zaidi kidogo kwa sababu damu yako inabeba joto. Kwa hiyo kama unataka mwanga usioshuka kwa saa nzima, lenga ampia 1 kwenye LED, wati 3 hivi. Kwa LED za sasa hapo unapata kati ya lumeni 250 na 350. Ni mara nne au tano ya ile P60, na unaitumia mpaka betri iishe. Elfu moja ni ya kumulika sekunde kadhaa, si ya doria.

Kuhusu 16340 mbili, hilo ni suala jingine na ni zito zaidi. Zikiwa zimejaa zinatoa volti 8.4. Je, draiva yako imeandikwa inapokea hadi volti ngapi?

Kijiti

Haijaandikwa chochote mkuu. Ina vichipu vidogo vyeusi vyenye miguu mitatu, viko nane vimezunguka.

Mwenge_Mkuu

Basi kuna uwezekano mkubwa hivyo ni AMC7135. Kila kimoja kinaachia milliampia 350, nane kwa pamoja ni ampia 2.8. Vimetengenezwa kwa volti 2.7 hadi 6. Volti 8.4 inapita kipimo chao cha mwisho. Zitoe hizo betri leo, usiiwashe tena.

Na hata isipoungua, draiva ya aina hiyo haipunguzi volti kwa akili. Inachofanya ni kuichoma ile ya ziada ikawa joto. LED inataka volti 3 hivi. Ukiilisha 8.4, zaidi ya nusu ya umeme inakuwa joto la draiva, ndani ya kikopo kilekile ambacho LED imekikalia. Ndiyo maana moduli yako inazimia.

Draiva hizi ni nzuri sana zikilishwa betri moja ya lithiamu ya kuchaji. Betri inaanza volti 4.2 ikiwa imejaa na kushuka taratibu hadi 3. Pengo kati yake na LED ni dogo, kinachopotea ni kidogo. Ikifika chini, mwanga unafifia polepole badala ya kukata ghafla, na kwa mtu aliye gizani hilo ni onyo la kumtosha kurudi salama.

Mwenye kutaka kubaki na CR123A mbili, volti 6, atafute draiva ya kushusha volti ile yenye koili. Hiyo inageuza volti ya ziada kuwa mkondo, na kwa kawaida inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 tu. Ila ukiilisha betri moja, nyingi kati ya hizo zinaacha kudhibiti na mwanga unafuata volti ya betri. Inafanya kazi, ila ujue hivyo.

Kereza_Chuma

Nafuatilia. Naongezea upande wangu, mimi ni wa kukereza.

6P ya asili haipokei betri ya 18650. Tundu lake limetengenezwa kwa CR123A ambayo ni milimita 17, na 18650 ni 18 na ushee. Bila kukereza, betri moja inayoingia ni 17670 au 16650. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya 18650 nzuri.

Ukitaka 18650 inabidi bodi ifungwe kwenye mashine na tundu lipanuliwe hadi karibu milimita 18.7, ukipima na betri utakayoitumia, kwa sababu zenye saketi ya ulinzi na ganda nene zinafika hata 18.6 na zaidi. Usijaribu kwa drili ya mkono. Drili inafuata njia yake, ukuta unabaki mnene upande huu na karatasi upande ule, na penye uzi wa mkiani ndipo chuma ni chembamba kuliko pote. Mashine iende taratibu, chuma kikali, na mafuta ya kukatia. Ukimaliza, safisha kila chembe. Chembe moja ya alumini iliyobaki ndani inachana ganda la betri, na mwili wote wa 18650 chini ya ganda ni hasi hadi juu kabisa, ukizunguka kichwa chanya. Ganda likichanika karibu na kichwa, hatari iko hapo.

Kuhusu urefu watu wanashangaa jinsi vinavyolingana. CR123A mbili ni mara mbili ya 34.5, yaani 69. 18650 yenye ulinzi iko kwenye 69 au 70, inakaa kama ilikusudiwa. Isiyo na ulinzi ni 65, hiyo inahitaji springi ndefu zaidi au kipande cha shaba cha kujazia.

Bodi za G2, ile ndugu ya 6P ya plastiki, sizitii mashineni na siwashauri.

Mwenge_Mkuu

Shukrani sana Kereza. Hapo kwenye G2 naomba niongezee. Ile plastiki ya Nitrolon haipitishi joto, iko kwenye sehemu ndogo ya wati kwa mita kwa digrii. Hata ukiviringisha foili vizuri vipi, joto linaishia ukutani. Kwenye G2 weka moduli ya nguvu ndogo, milliampia 350 hadi 500, lumeni mia moja na kitu, na utakuwa na tochi nyepesi inayowaka masaa mengi na haigandishi mkono kwenye baridi. Ni tochi nzuri mno kwa kazi hiyo. Usiilazimishe kuwa 6P.

Balbu_Milele

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Nimezishika hizi LED, mwanga wake ni wa buluu, uso wa mtu unakuwa kama maiti, damu na matope vinafanana. P60 yangu na lumeni zake 65 inanionyesha vitu vilivyo. Tunapoteza kitu.

Mwenge_Mkuu

Balbu_Milele, unachosema ni kweli kabisa kwa LED za kwanza, na kwa nyingi zinazouzwa hadi leo.

LED nyeupe ndani yake ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori ya njano, yaani unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine. Chipu hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Fosfori ikiwa nyembamba, buluu nyingi inapita, mwanga unakuwa wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa kubwa ndivyo unavyoelekea buluu) na namba ya lumeni inapanda. Watengenezaji wengi walichagua namba. Kinachokosekana hapo ni nyekundu, na bila nyekundu ya kutosha ngozi, mbao, damu na udongo vyote vinaelekea rangi moja.

Kipimo cha uaminifu wa rangi ni CRI. Balbu iko karibu na 100, kwa sababu inang'aa kwa joto na ina rangi zote. LED za kawaida zenye mwanga baridi ziko kwenye 70. Lakini zipo za 90 na kwenda juu: Nichia 219B ilikuwa kipenzi cha wengi kwa miaka, na sasa 519A inatoa mwanga zaidi kwa uzuri uleule wa rangi. Chukua 519A ya kelvini 4000 au 4500. Utapoteza sehemu ya lumeni ukilinganisha na LED baridi ya ukubwa uleule, na mimi kila mara nakubali hasara hiyo. Lumeni 250 zinazokuonyesha kama doa lile ni mafuta au ni damu zina kazi kuliko 400 zisizokuonyesha.

Na tafadhali P60 yako usiitupe. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hakuna unachoharibu. Unazungusha kichwa, unatoa kipande, unaweka kingine. Kiweke kwenye kikopo na pamba. Balbu nzima za namna hiyo hazizidi kuongezeka duniani. Ila kumbuka kutoirudisha na betri za kuchaji mbili. Balbu ya volti 6 ikikutana na 8.4 inakatika uzi papo hapo.

Balbu_Milele

Kelvini 4000 na CRI 90. Nimeandika pembeni. Nitaitafuta, tuone.

Doria_Usiku

Heshima kwenu wakuu. Mimi natembea usiku kwenye eneo lenye uzio mrefu. Haja yangu ni kuona mbali, mita 200 hivi, na swichi isiyonisumbua. Nina tochi ya zamani yenye kichwa kidogo cha P60. Nichague LED gani?

Mwenge_Mkuu

Doria, kwa umbali acha kabisa kuangalia lumeni. Angalia kandela. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, kandela ni ukali wake katikati ya mshale. ANSI FL 1, kiwango cha Marekani cha kupima tochi kilichotoka mwaka 2009, kinahesabu umbali kuwa pale mwanga unaofika unapobaki laksi 0.25, karibu sawa na mwezi mpevu. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili. Kandela 2,500 ni mita 100. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 40,000 ni mita 400. Ukitaka umbali uwe maradufu, ukali lazima uwe mara nne. Ndiyo sababu kuongeza lumeni kidogo kidogo hakukusogezi popote.

Na kwa macho yako halisi, gawa hiyo namba kwa mbili au hata tatu. Mwezi mpevu unakuonyesha kwamba pale kuna kitu, haukuonyeshi ni nani.

Rifrekta ya P60 ni ndogo, huwezi kuiongeza. Kinachobaki ni kuwa na LED yenye uso mdogo lakini mkali. LED ya XM-L ya Cree ina uso wa milimita 2 kwa 2, inajaza mwanga mpana, nzuri kwa vyumba na karibu. LED za Osram zile bapa za milimita moja ya mraba, zisizo na kuba juu, zinatoa lumeni chache zaidi lakini zote zinatoka kwenye nukta moja, na rifrekta ileile inazirusha mbali mno kuliko XM-L. Ubaya ni kwamba pembeni kunabaki giza, unamulika kama unachungulia kwenye bomba. Kwa kutembea nashauri kitu cha katikati, kama XP-L HI au SST-20. Kwenye kichwa kidogo hicho mita 200 za kwenye karatasi zinafikika.

Swichi: chagua ile ambayo ukibonyeza nusu inawaka, ukiachia inazima, ukibonyeza hadi ikalia inabaki. Zipo za kinyume ambazo lazima zilie kwanza ndipo ziwake; hizo si za kazi yako. Na draiva iwe ya mwanga mmoja, au miwili tu ikianza na ule mkubwa. Draiva zenye ngazi tano na kumetameta na ishara za SOS zinakutesa wakati ambao huna muda wa kubonyezabonyeza.

AnnaSaketi

Naomba niingie hapo kwenye kubadilisha LED peke yake, kwa wale wenye moduli ya LED ya zamani, mathalani ya XR-E ya mwaka 2006 au Luxeon ya kabla yake, wanaotaka kubaki na kikopo kilekile. Inawezekana, lakini msiilehemu LED kwa ncha ya solda kwa juu. Nunua LED ikiwa tayari kwenye kibao chake cha shaba nyekundu, kile ambacho kitovu cha joto cha LED kinakaa moja kwa moja kwenye shaba bila tabaka la kuhami katikati. Vibao vya alumini vina tabaka hilo, na kwenye mkondo mkubwa linaonekana.

Kama unailehemu mwenyewe, weka kibao juu ya bamba la moto, pesti ya solda kidogo, LED juu yake. Solda ikiyeyuka LED inajivuta na kujipanga yenyewe. Igonge kidogo kwa kibano, ikirudi mahali pake ujue imeshika. Solda ya bati na risasi ya 63/37 inayeyuka kwenye digrii 183. Ile ya bismathi inayeyuka kwenye 138 na ni rahisi kwa LED, lakini ni mvunjikovunjiko. Tochi inayodondoshwa sakafuni sipendi iwe na bismathi. Fungua madirisha, moshi wa flaksi (dawa inayosaidia solda kushika) si wa kuvuta.

Na kitu kinachosahaulika: rifrekta ni alumini, na waya za LED ziko milimita moja chini yake. Weka kile kiringi cheupe cha plastiki kinachoizunguka LED. Kinafanya kazi mbili, kuiweka LED katikati na kuzuia rifrekta isiguse solda. Unene wake pia unaamua fokasi. Ukimulika ukuta ukaona shimo jeusi katikati ya mwanga, LED iko juu au chini kuliko inavyotakiwa. Badilisha unene wa kiringi kidogo kidogo hadi lifungike.

Mwenge_Mkuu

AnnaSaketi, dada ubarikiwe, hapo kwenye kuhami rifrekta umeokoa tochi za watu.

Kijiti

Wakuu nimerudi. Nimepata 17670 moja, 16340 nimeziweka pembeni. Nimeviringisha shaba. Sasa nataka nijue inakula ampia ngapi kabla sijaiamini. Napimaje?

Mwenge_Mkuu

Fungua kifuniko cha mkiani. Multimita iweke kwenye ampia, tundu la ampia 10, usitumie lile la milliampia. Ncha moja iguse upande hasi wa betri, nyingine iguse ukingo wa bodi pale chuma kilipo wazi. Rangi ya anodaizi haipitishi umeme, kwa hiyo ukigusa juu ya rangi hutapata kitu. Tochi itawaka na mita itasoma. Usiiangalie LED usoni.

Nyaya za mita zina ukinzani wake, kwa hiyo namba halisi iko juu kidogo ya unayoiona. Na mkondo wa mkiani ni wa betri. Kwa draiva kama yako na betri moja ni karibu sawa na wa LED. Kwa draiva ya koili na betri mbili, LED inapata zaidi ya unachosoma. Ukisoma karibu 2.8, ujue vichipu vyote nane vinafanya kazi, na hapo ni nyingi kwa bodi yako. AnnaSaketi akikuelekeza unaweza kutoa vitano, vibaki vitatu, upate ampia 1 na ushee.

Pia linganisha. Pima kwa mita, kisha funga mkia uangalie mwanga. Ukiona mwanga ni hafifu kuliko ulivyokuwa kwenye mita, swichi au springi ya mkiani inakula umeme. Springi za chuma za zamani ziliwekwa kwa ajili ya balbu ya ampia moja hivi. Kwenye ampia tatu zinapoteza volti na zinapata moto hadi kulegea. Kipande cha waya laini wa shaba kilichochomelewa kutoka juu hadi chini ya springi kinamaliza tatizo.

Doria_Usiku

Samahani, na wanaobaki na CR123A za kutupa? Kwetu ndizo tunazopewa.

Mwenge_Mkuu

Ni nzuri, zinakaa miaka mingi dukani bila kupoteza nguvu na zinavumilia baridi. Sharti ni moja: usichanganye mpya na iliyotumika, wala za watengenezaji tofauti. Ile dhaifu ikiisha kwanza, yenye nguvu inaendelea kuusukuma mkondo kuipitia hadi volti yake inageuka kinyume. Inapata moto, inatoa gesi, na gesi hiyo ina sumu. Tochi yenyewe imefungwa kwa ringi za mpira, haivuji, kwa hiyo mgandamizo unajengeka ndani ya mrija wa alumini. Zitoe zote mbili pamoja, weka mbili mpya pamoja. Ukisikia tochi imezimwa lakini ina joto, au harufu tamutamu, iweke chini nje na uondoke, usiifungue.

Kijiti

Majibu haya hapa: kwanza ilisoma 2.7. Nimetoa vichipu vitano, sasa inasoma karibu 1. Kichwa kimeanza kupata vuguvugu kabla ya dakika kwisha na mwanga umesimama palepale, nimeiacha iwake muda mrefu haijashuka. Bado kuzungusha mkia ni kugumu, kunakwaruza. Niweke grisi ya gari?

Mwenge_Mkuu

Hapana, weka grisi ya silikoni. Grisi za petroli zinafaa kwa baadhi ya mpira na kuuvimbisha mwingine, na hujui ringi za tochi hiyo ni za mpira gani baada ya miaka yote hiyo. Kwanza futa uzi wa kufungia kwa kitambaa chenye spiriti hadi kisitoke cheusi. Huo weusi ni unga wa alumini, ndio unaokwaruza. Toa ringi, iangalie kwenye mwanga. Ikiwa na mpasuko au imekuwa bapa ibadilishe. Kisha pakaa grisi nyembamba sana kwenye uzi na kwenye ringi, isifike kwenye ule ukingo wa mwisho wa bodi unaogusana na mkia. Umeme wote unapita hapo, uache mkavu na unaong'aa.